Aliyeitika Kabla ya Kuitwa

“Imeisha. Si ulimalizia kwa githeri jana?” Wangila alisema.

Wangui alikuwa amempa mgongo, anakaanga mayai, na hakuwa amefungua mdomo. Alitaka kuuliza chumvi iko wapi. Alitaka tu. Swali lilikuwa bado kichwani, halijafika hata kwenye ulimi, na jibu lake limeshafika mezani pamoja na vikombe vya chai.

“Umejuaje nataka chumvi?”

“Si umeniuliza?”

“Sijakuuliza.”

“Umeniuliza, bana. Nimekusikia na haya masikio yangu.”

Wakala mayai bila chumvi, Wangila akatoka kuwasha gari. Wangui akajiambia ndivyo watu wa ndoa walivyo, mtu akikaa na mwenzake miaka mingi anaanza kumjua mpaka mawazo. Shida ni kwamba wao walikuwa wameoana mwaka uliopita.

Niseme jambo moja mapema. Kuna watu Kitale mpaka leo wanaosimulia kisa hiki wakimfanya Wangui mwanamke wa kiburi, aliyekataa kufanya vile alivyoambiwa na wakubwa. Wacha waseme. Hawakuwa Tongaren siku ile, na wengi wao wangesikia kile alichosikia wangetoroka wakiacha viatu.

Mwaka huo ulikuwa 2004. Mume na mke waliajiriwa na kampuni moja iliyokuwa ikipima miamba ya chini kutafuta maji, kutoka Kitale, kupitia Kiminini, mpaka Tongaren. Wangui, binti ya mzee Kagwe wa Kitale, alikaa ndani ya gari la kompyuta akisoma mawimbi. Wangila, kijana wa Malakisi, aliendesha lori la kutetemesha ardhi. Lori hilo lina sahani ya chuma tumboni. Likifika mahali linateremsha sahani, linajiinua juu yake na uzito wake wote, kisha linavuma. Mvumo unaanza chini kabisa, unausikia kwa magoti kabla ya masikio, unapanda, unapanda, mpaka unakuwa mlio mwembamba wa kukera meno. Jiofoni zilizochomekwa kando ya barabara zinasikiliza mwangwi ukirudi kutoka kwenye mwamba, na kompyuta inaupanga.

Kazi hiyo ilikuwa na desturi yake. Kabla ya kubonyeza kitufe, Wangui aliuliza kwa redio, “Tayari?” Dereva naye akajibu, “Tayari.” Mitambo haikuhitaji maneno hayo hata kidogo. Ilikuwa adabu ya wafanyakazi tu, ili mtu asije akatetemeshwa mguu mmoja ukiwa nje ya lori.

Kisha ikaja haraka ya Kabiru. Kabiru ndiye aliyekuwa mkubwa wa kambi, mtu wa kuangalia mawingu na kulalamika. Mvua ya kupanda mahindi ilikuwa karibu, na mashamba yakishapandwa, hakuna mkulima wa Tongaren angekubali malori yapite. Basi Kabiru akaagiza nguvu ya sahani ipandishwe mpaka juu, na lori la pili lianze kuvuma kabla la kwanza halijamaliza. Madereva nao, Wangila na mwenzake Kipsang, wakabuni hila yao ya kuokoa muda: wakaanza kusema “Tayari” kabla ya kuulizwa. Wangila akawa bingwa wa mchezo huo. Wangui akishika tu redio, sauti ya mumewe iko pale inamngoja. Alicheka, akabonyeza, wakasonga mbele. Hakuna aliyeona ubaya.

Ubaya ulionekana kwanza kwenye skrini. Sahani ikisukumwa kupita kiasi haikai sawasawa. Inarukaruka juu ya udongo, na ardhi inarudisha mvumo uliotumwa pamoja na mingine ambayo hakuna aliyeituma, ya juu mara mbili, ya juu mara tatu. Wenye kazi wanaiita hamoniki. Na kwa sababu mvumo wenyewe ni wa kupanda, kompyuta ikishapanga kila kitu, takataka hizo zinaangukia upande wa kabla. Ukiangalia skrini unaweza kuapa kwamba ardhi imejibu kabla haijaulizwa. Jambo hilo lina hesabu yake, na Wangui aliijua hesabu hiyo vizuri, kwa hivyo hakuogopa.

Siku moja kabla ya ile asubuhi ya chumvi, laini ya vipimo ilikuwa imefika Tongaren, mahali palipokuwa na dipu ya kuogeshea ng'ombe tangu enzi za wazungu. Dipu ilikuwa imezibwa kwa udongo zamani, nyasi zimeota juu, ng'ombe hawali nyasi hizo. Wangila akaanza kuteremsha sahani pale pale. Wangui akashika redio, na sauti ya mumewe ikamtangulia.

“Tayari, bwana.”

Wangui akacheka. “Bwana ni nani? Mimi ni bibi yako.”

Redio ikakwaruza kidogo. Kisha Wangila akasema, “Nimesema nini? Mimi bado nashusha sahani.”

Mvumo ulipokwisha, skrini ilionyesha hamoniki upande wa kabla, lakini hazikuwa zimetapakaa kama siku nyingine. Zilikuwa zimejipanga, moja, nafasi, moja, nafasi, kama mtu anagonga mlango kwa adabu. Na ndani ya gari la kompyuta, lililofungwa madirisha, paliingia harufu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe na ngozi mbichi.

Baada ya chumvi, mambo yalienda mbio. Jumapili kanisani Wangila alitamka “Amina!” peke yake, kwa sauti kubwa, kanisa zima likageuka kumwangalia, na mhubiri alikuwa bado hajafika hata katikati ya ombi. Watoto walicheka. Wangila aliinamisha kichwa, na ombi lilipofika mwisho kweli na watu wote wakasema amina, yeye alikuwa kimya, ameshalipita.

Katikati ya wiki alichukua simu yake ya mkono iliyokuwa imelala tu mezani, akaiweka sikioni, akasema, “Pole sana, mayi. Alikuwa ng'ombe mzuri. Nitatuma kitu.” Akairudisha. Wangui aliketi akiiangalia ile simu. Chai ikapoa. Simu ikalia. Ilikuwa mama yake Wangila kutoka Malakisi, analia, ng'ombe wake wa maziwa amekufa.

“Pokea,” Wangui alinong'ona.

“Si nimeshaongea na yeye?”

Wangui akapokea mwenyewe. Akamsikiliza mama mkwe akieleza, akinyamaza pale ambapo mtoto wake angefaa kujibu, akieleza tena.

Harufu nayo ikahamia nyumbani. Ilikuwa kwenye mashati ya Wangila, kwenye mto, kwenye taulo. Alianza kukohoa, na alichokohoa yalikuwa maji, meupe kama maziwa yaliyochujwa, makali puani. Daktari wa Kitale alisikiliza kifua akasema mapafu yana maji, akampa vidonge. Wangila alivimeza. Maji yakaongezeka.

Siku Wangui alipoogopa kweli ilikuwa mchana kweupe, jua la Tongaren linachoma. Walikuwa wamekaa chini kivulini mwa gari la kompyuta, wanakula mkate. Lori la Wangila lilikuwa limezimwa, halina mtu, mlango wazi, kila mtu analiona. Redio ikakwaruza ndani ya gari la kompyuta, na sauti ikatoka, na sauti ilikuwa ya Wangila, ambaye alikuwa hapo mbele yake, mkate mdomoni.

“Tayari, bwana. Niko hapa, bwana.”

Wangila akaacha kutafuna. “Huyo ni mimi?” aliuliza polepole. Hilo ndilo lilikuwa swali la mwisho alilouliza kwa siku nyingi. Kuanzia hapo akawa mtu wa majibu tu.

Wangui alimwendea Kabiru kwenye hema lake.

“Tupunguze nguvu ya sahani,” alisema. “Na pale kwa dipu turudie mara nne, kwa kuzungusha. Kila mvumo unageuzwa robo ya mzunguko kuliko uliotangulia. Ukiweka zote pamoja, mvumo wa kweli unaongezeka, hamoniki zinavutana pande nne zinakufa. Unajua hivyo.”

“Najua. Najua pia inachukua mara nne ya wakati.” Kabiru hakuinua macho. “Hizo kelele kata na kompyuta. Mwamba utaonekana.”

“Na mume wangu nimkate na kompyuta?”

“Bwana yako ni mgonjwa, mpeleke hospitali. Wewe ni msichana wa kwetu, Wangui, umesoma, usianze mambo ya majini hapa.”

“Sijataja jini. Wewe ndio umetaja.”

Kabiru naye alikuwa amesikia redio, kumbe, ila aliamua kutosikia. Wangui akatoka bila kuaga.

Kipsang ndiye aliyemwambia kuna mama mzee anaishi karibu na dipu, Wilkista, anayejulikana kwa kuwatoa watu mapepo. Kesho yake asubuhi wakampakia Wangila kwenye gari ndogo, Kipsang akaendesha. Njiani, katikati ya mabua makavu ya mahindi ambayo hayajang'olewa, Wangila alisema kwa heshima, akiangalia mbele, “Ndio, kukhu. Malakisi, kwa watu wa tumbako.”

Hakukuwa na kukhu, yaani nyanya, yeyote kwenye gari.

Waliendelea. Wakakwama kwa tope la mto, wakasukuma, wakafika. Mama Wilkista alikuwa anapukuchua mahindi uani. Aliwapokea, akawapa viti, akamwangalia Wangila usoni muda mrefu, ndipo akauliza, “Wewe si mtoto wa Malakisi, wewe?”

Wangui akapiga hesabu. Kutoka jibu lile la kwenye gari mpaka swali hili palikuwa na muda wa kuchemsha maharagwe yakaiva nusu.

“Ni yeye, kukhu,” Kipsang alijibu kwa niaba yake. “Ameshajibu.”

“Naona.” Mama Wilkista aliweka gunzi chini. “Anaitika mbele. Nani alimweka juu ya dipu?”

“Kazi,” Wangui alisema. “Kuna jini huko?”

“Jini ni la watu wa Mombasa. Huyo ni mtu.” Mama alipunguza sauti, japo uani hapakuwa na mwingine. “Alikuwa mchungaji wa mzungu mwenye hii shamba, wakati mimi ni msichana. Huyo mzungu hakupenda kungoja. Akiita na hujaitika, kiboko. Ukiitika umecherewa kidogo, kiboko. Basi huyo mtu akajifundisha kuitika mbere. Asubuhi ulikuwa unamsikia huko bomani, ‘Tayari, bwana,’ na bwana bado amerara. Siku moja akaitika, akakimbia, na hakuna mtu amemwita. Akaingia kwa dipu imejaa dawa. Mzungu akasema ng'ombe waogeshwe kwanza, ndio atolewe.”

Kipsang alitema mate pembeni.

“Jina lake alikuwa nani?” Wangui aliuliza.

“Boi. Mzungu alimwita Boi, mtu mzima na watoto wake. Na sisi tukamwita hivyo hivyo, hatukuuliza lingine.” Mama alijipangusa mikono kwa leso. “Hiyo ni aibu yetu.”

“Mtoe kwa mume wangu, kukhu.”

“Siwezi, mwanangu. Mimi natoa kitu chenye kimeingia kwa mtu. Hiki hakijaingia. Bwana yako ndiye ametoka, anafuata yule huko mbere, kira siku anaongeza mwendo.”

“Mpaka wapi?”

Mama Wilkista aliangalia upande wa dipu.

“Wazee walikuwa wanampatia ndama,” alisema. “Unaita ndama pale juu, inaenda, inazama kwa nchi kavu, anatulia miaka. Lakini sasa ameshazoea mtu. Utamwitia mtu. Simama pale, taja jina la mwingine, huyo mwingine aitike. Bwana yako atarudi.”

Jina la Kabiru lilimjia Wangui mdomoni. Haki ya Mungu lilimjia, lote, tamu, akalimeza.

“Sitaita mtu,” alisema. “Sitampa mtu wala ndama. Kwani huyo mzungu bado yuko hapa, hata tumtumikie?”

“Basi utazika,” mama alisema, bila ubaya. Akamgeukia Wangila. “Kijana, unasikia baridi?”

Wangila hakujibu. Na Wangui, aliyekuwa amezoea majibu kutangulia, akaanza kurudi nyuma kwa mawazo akitafuta jibu la swali hilo. Halikuwepo. Alikumbuka kitu cha mwisho mumewe alichosema, walipokuwa wanasukuma gari matopeni: “Nimekaa vizuri.” Na swali lake lilikuja hapa uani sasa hivi, mama akisimulia, Kipsang alipomsogezea kiti akamwuliza kama amekaa vizuri. Baada ya hapo, hakuna kitu. Huko mbele alikokuwa, hakukuwa na jibu lingine lolote.

“Wangila,” alisema. “Wangila! Unataka maji? Unaniona? Ni mimi, unaniona?”

Macho yalikuwa wazi. Mdomo ulikuwa umefungwa.

Mtu anayejibu yaliyo mbele akinyamaza, maana yake ni nini? Wangui alielewa kwa namna moja tu, na nafikiri hata wewe ungeelewa hivyo: huko mbele hakuna tena wa kuulizwa. Mume wake alikuwa ameshafika kwenye kifo chake, na mwili ulikuwa unakuja nyuma kukifuata.

“Ng'o,” alisema. Alisimama mpaka kiti kikaanguka. “Ng'o! Simpeani. Kipsang, lori la bwana yangu liko wapi?”

“Kwa dipu, na gari la kompyuta liko hapo hapo. Lakini Kabiru alisema…”

“Nimekuuliza lori, sijakuuliza Kabiru.”

Walipofika Wangila alishuka mwenyewe, akatembea moja kwa moja, akapanda ndani ya lori lake akakaa kwenye usukani. Kipsang alijaribu kumvuta, lakini alikuwa mzito ajabu, gunia la mahindi mabichi halifiki hapo. Maji meupe yalimtoka pembeni mwa mdomo yakashuka kwenye kola.

“Kaa na yeye,” Wangui alimwambia Kipsang. “Shusha sahani, halafu mshike kichwa, asizame. Na sikiza vizuri: sitakuuliza kama uko tayari. Usingoje kuulizwa. Nitabonyeza tu.”

“Kwa nini usiulize?”

“Kwa sababu kuna mwenye ameshajibu.”

Alikuwa amelifikiria hilo njiani, gari likiruka kwenye mashimo. Jibu lisilo na swali halishiki popote. Kila siku yule aliye chini aliitika mapema, na kila siku yeye, Wangui, kwa desturi tu, akamfuatia na swali lake, akamthibitishia kwamba kweli ameitwa. Yeye ndiye aliyekuwa amejifanya bwana wake bila kujua. Na aliona haya, na haya hiyo ikageuka hasira, na hasira hiyo ndiyo ilimpandisha ngazi za gari la kompyuta.

Akashusha nguvu ya sahani mpaka nusu. Akapanga mivumo minne, kila mmoja umegeuzwa robo. Akafunga mlango. Harufu ilikuwa imeshamtangulia ndani, inawasha macho.

“Tayari, bwana,” redio ilisema.

Mkono wake ulienda kwenye redio wenyewe, kwa mazoea, kidole kikagusa kitufe cha kuongea. Akauondoa. Akabonyeza mvumo wa kwanza.

Ardhi ikaanza kuvuma chini chini, laini, bila kugonga, na Wangui akauhisi kwenye magoti.

“Tayari, bwana. Tayari, bwana. Niko hapa.”

Mvumo wa pili.

“Ni nani amewasha lori?” Hiyo ilikuwa sauti ya Kabiru, kutoka kambini, kali. “Wangui! Ni wewe? Kwa nini hujauliza dereva? Fuata utaratibu! Uliza kama yuko tayari!”

“Niko tayari, bwana,” sauti ya mumewe ilijibu haraka.

“Umesikia? Si anakujibu! Muulize basi!”

Wangui aling'ata mdomo mpaka akasikia chumvi ya damu. Mvumo wa tatu, na hapo sauti ile ikaacha kuwa ya Wangila, ikawa ya mtu mzima asiyemjua, mtu aliyechoka, na ikaanza kukimbia kwenye redio, nimefika bwana, nimekuja mbio bwana, sikuchelewa, ng'ombe wako wote wako sawa, niite bwana, niite tu nikuonyeshe, usichukue kiboko, na kupitia dirishani Wangui alimwona Kipsang amemkumbatia Wangila kichwa juu, akipiga mgongo, maji meupe yakimwagika kwa mlango wa lori na kuteremka ngazini kana kwamba ndani kuna bomba limepasuka, na Kipsang akipaza sauti kwamba hapumui, Wangui, hapumui, muulize tu, muulize amalize, na Kabiru akipaza sauti yake, na ile sauti ya tatu ikisihi chini ya zote mbili, na neno lenyewe, neno dogo alilolisema kila siku ya kazi yake, limejaa mdomoni likisukuma meno, na Wangui akilia, akitikisa kichwa, hapana, hapana, siulizi, hata mniue siulizi.

Kisha akashika redio. Hakuuliza. Alisema.

“Mzee,” alisema, kwa sauti ile ambayo mtu anamwongelesha baba yake. “Mzee wangu. Hakuna mtu anakuita. Bwana alienda zamani, na shamba ni ya watu sasa. Hakuna mtu anakuita tena. Pumzika.”

Redio ikanyamaza. Hata Kabiru alinyamaza.

Akabonyeza mvumo wa nne. Ukapanda polepole, ukapita magoti, ukapita kifua, ukawa mwembamba, ukaisha. Kompyuta ikaanza kuiweka pamoja yote minne. Wangui alikodolea macho upande wa kabla. Mistari ilikuja imesimama, ikavutana, ikalegea, na mmoja baada ya mwingine ikafutika, mpaka upande ule ukabaki mtupu. Upande wa baada mwamba ulijitokeza, safi, wazi, jinsi hakuwa ameuona tangu waondoke Kitale.

Kwenye lori mtu alivuta pumzi kwa kelele, akatapika.

Kabiru alifika na gari lake, vumbi hewani. Alimkuta Wangui amekaa kwenye ngazi ya lori, kichwa cha mumewe kimelala mapajani pake, Kipsang amekaa chini kwenye nyasi mikono usoni.

“Nani amekuruhusu—”

“Ngoja nimalize,” Wangui alisema, na alikuwa hata hajaanza. “Kuanzia kesho sahani ni nusu nguvu. Hakuna lori litaanza lingine halijamaliza. Na mtu ataitika akiulizwa, si kabla. Kama hutaki, tafuta mwingine wa kusoma hiyo kompyuta, na umwambie vile umesikia kwa redio leo.”

Kabiru alimwangalia, akaangalia yale maji meupe yaliyokuwa yanakauka kwenye chuma. Alifungua mdomo. Akaufunga, akangoja kwanza kama kuna lingine. Halikuwepo, akarudi kwenye gari lake.

Wangila alikuwa anapumua. Rangi ilikuwa inarudi. Lakini hakuwa amesema neno, na Wangui hakuthubutu kumwuliza chochote. Kila swali lilimjia: uko sawa, unanijua, unaumwa wapi. Akayazuia yote. Angeuliza nini, na kama jibu lingekuwa limeshapita zamani huko uani kwa Mama Wilkista, na yeye hakulisikia? Basi alikaa kimya, akimpangusa uso na leso yake, na jua likasogea, na ule muda wa maharagwe kuiva nusu ukapita, na mwingine ukapita juu yake.

Na hapo, akiwa amekaa hivyo, ndipo alipoelewa ule ukimya. Mume wake hakunyamaza kwa sababu atakufa. Alinyamaza kwa sababu alikuwa ameongeza mwendo akayaruka maswali ya uani, mpaka huko mbele ambako Wangui ameketi kwenye ngazi ya lori na hamwulizi kitu. Kile alichokiogopa uani mpaka akaangusha kiti kilikuwa ni ubishi wake mwenyewe, umemtangulia. Alitaka kucheka na hakuweza.

Upepo ulileta harufu ya udongo na mabua, basi. Wangila akajigeuza mapajani pake, akafungua macho, akamtazama kutoka chini.

“Wangui,” alisema, sauti imekwaruza. Akakohoa, kikohozi kikavu. “Mbona umenyamaza hivyo? Nimekukosea?”

Wangui hakutikisa hata kidole. Alingoja swali lote liishe, akangoja na kidogo cha ziada juu yake, ndipo akajibu.